Mwongozo kamili wa kuwa msimamizi wa mifumo ya kompyuta: kuanzia mashine ya mtumba hadi zamu ya usiku

Kila ofisi inayotegemea kompyuta ina mtu mmoja ambaye simu yake haizimwi. Mfumo wa mishahara ukigoma tarehe 24, anapigiwa yeye. Umeme ukirudi saa nane usiku na seva (kompyuta inayohudumia nyingine zote) isiwake, anaamshwa yeye. Huyo ndiye msimamizi wa mifumo. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa Dar es Salaam, na vijana wanaokuja kwetu kufanya mafunzo kwa vitendo huniuliza swali lilelile: nianzie wapi? Hili ndilo jibu langu, kwa mpangilio ambao ningeufuata mwenyewe kama ningeanza leo nikiwa na laptopu ya kawaida, bando la kubana na hakuna wa kunishika mkono.

Neno moja nitalirudia mara nyingi humu: kurejesha. Kuwasha seva hujifunzwa kwa wiki moja. Kuirejesha ilivyokuwa jana baada ya kuharibika, huku mkurugenzi amesimama nyuma ya kiti chako, ndicho unacholipwa mshahara kukifanya. Hatua zote zinazofuata zinaelekea huko.

Hatua ya 1: Ijue kazi yenyewe

Mtaani kazi tatu huchanganywa. Fundi kompyuta anatengeneza kifaa kilichoharibika. Mtengeneza programu anaandika mfumo mpya. Msimamizi wa mifumo anachukua vifaa na programu vilivyokwisha kuwepo na kuhakikisha vinafanya kazi leo, kesho na mwakani, kwa watu wote wanaovitegemea.

Asubuhi yangu huanza na mambo matatu kabla ya chai: je, nakala rudufu ya usiku (kazini tunaiita bekapu) ilikamilika? Diski zina nafasi kiasi gani? Chumba cha seva kina joto kiasi gani? Baada ya hapo yanakuja ya watu. Mfanyakazi mpya anahitaji akaunti. Aliyeacha kazi jana akaunti yake ilipaswa kufungwa jana hiyohiyo. Mchana kuna masasisho ya programu, printa ya uhasibu, barua pepe zisizofika. Kazi kubwa zinazohitaji kuzima mfumo hufanyika usiku au Jumapili, wakati hakuna anayeutumia.

Kwenye matangazo ya ajira jina hubadilika. Serikalini Tanzania mara nyingi ni Afisa TEHAMA. Kwenye kampuni na mashirika utakuta «Systems Administrator», «IT Officer» au «IT Support», na maelezo ya majukumu yakawa yaleyale. Soma majukumu, usiishie kwenye cheo.

Kama hupendi kuamshwa usiku, au huna subira na mtu anayekuambia «kompyuta imekataa» bila neno la ziada, jiulize mapema. Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Nimewaona wenye akili nyingi wakiondoka baada ya mwaka kwa sababu walidhani kazi hii ni ya mashine tu.

Hatua ya 2: Jenga maabara nyumbani

Huwezi kujifunza kazi hii kwa video pekee. Unahitaji mahali pa kuharibu vitu bila mtu kuumia.

Tafuta kompyuta ya mezani ya mtumba. Kariakoo na maduka ya kompyuta zilizotumika katika miji mingi yanauza zile zilizotoka maofisini Ulaya. Usiangalie urembo. Angalia kumbukumbu, yaani RAM: GB 8 ndicho kiwango cha chini cha kufanyia mazoezi kwa raha, na GB 16 ukiweza. Kama ina diski ya zamani ya kuzunguka, weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, hata ndogo. Tofauti yake utaiona siku ya kwanza. Hakikisha prosesa inakubali kuendesha mashine pepe na kwamba kipengele hicho kimewashwa kwenye BIOS, mipangilio unayoifungua kompyuta inapoanza kuwaka. Kama una laptopu tu, anza nayo.

Kisha weka VirtualBox, ambayo ni ya bure. Inakuwezesha kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Pakua faili la usakinishaji la Ubuntu Server, mfumo wa uendeshaji wa aina ya Linux, toleo la LTS, ambalo hutoka kila baada ya miaka miwili na kupata masasisho ya usalama kwa miaka 5. Ni faili la GB kadhaa, hivyo subiri bando la usiku. Likikamilika, lihakiki kwa `sha256sum` na ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya Ubuntu. Intaneti inayokatikakatika huacha faili bovu, na utapoteza siku nzima ukijilaumu kwa kosa ambalo si lako.

Tengeneza mashine pepe mbili: moja iwe seva, nyingine iwe ya kuifikia hiyo seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali. Kabla ya kila jaribio piga picha ya hali ya mashine, kipengele kinachoitwa `Snapshot`. Halafu haribu. Futa faili la `/etc/fstab`, linaloorodhesha diski za kuunganishwa mashine inapowaka, washa upya, uone inavyoshindwa kuamka sawasawa. Rudisha. Rudia mpaka mkono uache kutetemeka.

Nunua na daftari pia. Kila siku andika ulichofanya, kilichogoma na kilichokisaidia. Daftari hilo litakufaa kwenye hatua ya kutafuta kazi, na nitaeleza namna.

Hatua ya 3: Linux, kwa mpangilio huu

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na leo sehemu kubwa ya seva za intaneti inaendeshwa nayo. Anza na familia moja tu. Ubuntu na Debian ni ndugu. Rocky Linux na AlmaLinux ni za ukoo wa Red Hat, na zilitoka mwaka 2021 kushika nafasi ya CentOS ya ukoo huohuo. Ukiijua moja vizuri, nyingine utaizoea kwa wiki chache.

Mpangilio ninaoupendekeza: kwanza kutembea kwenye mafolda na kuhariri faili kwa `nano` au `vim`. Pili watumiaji, makundi na ruhusa za faili. Tatu huduma na `systemctl`. Nne logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo), kwa `journalctl` na folda la `/var/log`. Tano diski. Sita kusakinisha na kusasisha programu. Ukifika hapo weka seva ya tovuti, kwa mfano Nginx, na hifadhidata ya MariaDB au PostgreSQL, kisha uzisimamie kana kwamba kuna watu wanazitegemea.

Nisimame kwenye diski, maana hapo ndipo wengi hukutana na usiku wao mgumu wa kwanza. Mfumo umegoma, hakuna anayeweza kuingia. Unaandika `df -h` na kuona diski kuu imefika asilimia 100. Unatafuta mlaji kwa `du -xh --max-depth=1 /var | sort -h`, unakuta logi moja yenye GB nyingi, unaifuta. Unarudia `df -h`. Bado asilimia 100. Umefuta faili, nafasi haijarudi.

Sababu ni kwamba kwenye Linux jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili. Ukifuta, unaondoa jina. Kama kuna programu bado imelishikilia faili hilo, data inabaki kwenye diski mpaka programu iliachie. Amri ya `lsof +L1` hukuonyesha mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikiliwa, na nani anayashikilia. Ukiiwasha upya huduma hiyo, nafasi inarudi papo hapo.

Lijaribu leo kwenye maabara yako. Tengeneza faili kubwa kwa `sudo fallocate -l 2G /var/log/kubwa.log`. Lishikilie kwa `sleep 3000 < /var/log/kubwa.log &`. Lifute. Angalia `df -h`, kisha `sudo lsof +L1`, utamkuta `sleep` amelishikilia. Muue kwa `kill %1`, angalia tena. Dakika 5 hizi zitakufundisha kuliko sura nzima ya kitabu. Na kama siku moja `df -h` inaonyesha nafasi ipo lakini mfumo unasema imejaa, angalia `df -i`: huenda mafaili madogo yamekuwa mengi mno mpaka namba za kuyaorodhesha zikaisha.

Hatua ya 4: Mtandao

Usikimbilie swichi za gharama. Elewa mambo haya: anwani ya IP, mgawanyo wa mtandao (kwa nini /24 hukupa anwani 254 za kutumia), lango la kutokea, DHCP (inayogawa anwani za IP), DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP), na namba za milango ya kawaida ambayo huduma husikilizia: 22 kwa SSH, 53 kwa DNS, 80 na 443 kwa tovuti, 3389 kwa kuifikia Windows ukiwa mbali. Packet Tracer ya Cisco ni ya bure ukijisajili kwenye Cisco Networking Academy, na inatosha kujifunzia ruta na swichi bila kununua hata moja.

Mtumiaji akisema «mtandao haupo», panda ngazi kutoka chini. Waya umechomekwa na taa inawaka? Mashine imepata IP? Inalifikia lango? Inafika nje, kwa mfano `ping 8.8.8.8`? Kama hiyo inajibu lakini jina la tovuti halifunguki, tatizo lako lipo kwenye DNS, na huna haja ya kumpigia mtoa huduma kumfokea. Kwa DNS tumia `dig`. Kwa kujua ni huduma gani inasikiliza mlango gani kwenye seva, tumia `ss -tlnp`.

Jifunze pia jiografia ya intaneti yetu. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na nje hupita baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ofisi zilizoweka kila kitu kwenye klaudi ya mbali (seva za kukodi kupitia intaneti) zilikwama; zile zilizokuwa na seva ya mafaili ndani ziliendelea angalau na kazi za ndani. Mtu akikuambia seva za ndani zimepitwa na wakati, mkumbushe siku ile. Klaudi ijifunze, waajiri wanaitaka, lakini ijifunze ukijua waya unapita wapi.

Hatua ya 5: Usiikimbie Windows

Wapenzi wa Linux huidharau Windows Server, halafu wanakosa kazi. Ofisi nyingi za serikali, benki, hospitali na shule zinatumia Active Directory kusimamia akaunti za watu na kompyuta zao. Microsoft hutoa toleo la majaribio la Windows Server linalodumu siku 180, na hizo zinatosha. Tengeneza domeini moja, watumiaji watano, makundi mawili, sera moja inayolazimisha nywila ndefu, na folda ambalo kundi moja linaliona na jingine haliruhusiwi. Jifunze na PowerShell, lugha ya amri ya Windows, kidogo.

Hatua ya 6: Bekapu, na hasa kurejesha

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Kuna ofisi niliwahi kufanya kazi, ambayo hifadhidata yake ya uhasibu ilikuwa na bekapu kila usiku. Skripti (faili la amri zinazojiendesha zenyewe) ilitumia `mysqldump` kutoa nakala ya hifadhidata, ikapitisha matokeo kwenye `gzip` ya kubana faili, ikaandika faili lenye tarehe. Kila asubuhi nilikuta faili jipya, na ripoti ikisema kazi imekamilika. Siku diski ya seva ilipokufa, nilifungua la jana yake. Lilikuwa na baiti 20. La juzi, baiti 20. Nikarudi nyuma miezi, baiti 20, 20, 20.

Kilichotokea ni hiki. Kuna siku nywila ya hifadhidata ilibadilishwa, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha ndani ya skripti. `mysqldump` ikawa inakataliwa mlangoni, haitoi chochote. `gzip` ilipokea utupu, ikaufunga utupu huo kwa uaminifu, na faili la utupu uliofungwa huwa na baiti 20. Na kwa kuwa Bash, programu inayoendesha skripti hiyo, huangalia matokeo ya amri ya mwisho tu kwenye mnyororo, `gzip` ikiwa imefanikiwa, skripti nzima ilihesabiwa kuwa imefanikiwa. Wenzangu wa uhasibu walikaa wiki mbili wakiingiza upya risiti za karatasi, na mmoja wao alikuwa mjamzito wa miezi minane. Sijasahau sura yake.

Dawa ya kiufundi ni mstari mmoja juu ya skripti: `set -o pipefail`. Weka na ukaguzi wa ukubwa: kama faili la leo ni dogo sana kuliko la jana, skripti ikutumie ujumbe. Lakini dawa ya kweli ni kurejesha kwa mazoezi. Kila mwezi chukua bekapu, irejeshe kwenye mashine pepe tupu, fungua mfumo, tafuta muamala wa wiki iliyopita kwa jina. Ukiuona, una bekapu. Usipouona, una mafaili tu.

Yaliwapata hata wakubwa. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kutunza misimbo ya programu, akipambana na tatizo usiku alifuta folda la hifadhidata kwenye seva kuu, akidhani yupo kwenye seva ya pili. Aliposhtuka na kusimamisha amri, kati ya takribani GB 300 zilibaki kama GB 4.5. Walikuwa na njia tano za kulinda data, na hakuna hata moja iliyofanya kazi kama walivyotarajia. Bekapu za kila siku zilikuwa zikishindwa kwa sababu programu ya kuzichukua ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Iliyowaokoa ni nakala iliyochukuliwa takribani saa 6 kabla ya tukio kwa ajili ya majaribio. Walichapisha maelezo yote hadharani, kwa kina, bila kumtoa kafara mhandisi wao. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Kanuni ya kushika ni 3-2-1: nakala tatu za data, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Hiyo ya nje ni muhimu sana kwetu: moto, maji ya mvua na wezi havichagui diski. Na mojawapo iwe imekatwa kabisa na mtandao, kwa sababu virusi vya kudai fidia hufuata na diski ya bekapu iliyochomekwa.

Hatua ya 7: Umeme, joto na saa

Vitabu vya nje havikufundishi haya kwa uzito unaostahili.

UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, si pambo. Betri zake nyingi za risasi huchoka ndani ya miaka 3 hadi 5, na joto la pwani huziwahisha. Andika tarehe ya kununua kwa maka peni ubavuni mwa betri. Muhimu zaidi, unganisha UPS na seva kwa kebo yake ya USB, weka programu ya NUT, ili umeme ukikatika kwa muda mrefu seva ijizime yenyewe kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Seva inayozimika ghafla katikati ya kuandika hifadhidata inaweza kuamka na majeraha. Kwenye chumba cha seva, pangusa vumbi, na kiyoyozi kisiwe cha kuzimwa na mlinzi jioni.

Halafu saa. Seva nyingi huwekwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, na sisi tupo saa 3 mbele yake mwaka mzima. Ukiandika kwenye cron, programu inayoanzisha kazi kwa ratiba, `0 2 * * *` ukidhani ni saa nane usiku, kazi itaanza saa 11 alfajiri, na bekapu nzito itakutana na watu wanaoingia kazini. Kisha ongeza saa yetu ya Kiswahili. Niliwahi kuwatangazia watu «mfumo utazimwa saa 3 usiku», baadhi wakasoma 3 ya alfajiri kwa saa ya kompyuta, wakapoteza kazi waliyokuwa hawajahifadhi. Siku hizi naandika zote mbili: saa tatu usiku, 21:00.

Hatua ya 8: Usalama na sheria

Ingia kwenye seva kwa funguo za SSH, zima kuingia kwa nywila, na kwenye mipangilio ya SSH weka `PermitRootLogin no`. Fungua milango unayoihitaji tu. Sasisha. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa dawa ya udhaifu fulani wa Windows. Mwezi Mei WannaCry, programu ya kudai fidia, ikapita kwenye udhaifu huohuo, ikafunga kompyuta kwa mamia ya maelfu duniani, zikiwemo za hospitali Uingereza. Waliosasisha ndani ya miezi hiyo miwili walinusurika. Ila usisasishe mashine zote kwa mara moja. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows takribani milioni 8.5 kwa siku moja. Jaribu kwa chache, subiri, kisha endelea na zilizobaki.

Wewe utakuwa na funguo za barua za watu, mishahara yao, pengine na majibu yao ya hospitali. Usifungue usichotumwa kufungua, hata ukibembelezwa na bosi wa idara nyingine; mwambie aandike ombi, lipite kwa anayehusika. Sheria zipo pia. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya 2019. Zisome mwenyewe, usisubiri semina.

Hatua ya 9: Jifunze kuandika skripti

Kitu ukikifanya mara tatu kwa mkono, kiandikie skripti ya Bash. Zikianza kuwa ndefu, hamia Python. Seva zikizidi tano jifunze Ansible, inayopanga seva nyingi kwa pamoja. Hifadhi zote kwenye Git, inayotunza historia ya kila badiliko, na usiweke nywila humo.

Hatua ya 10: Shule na vyeti

Diploma au shahada inasaidia, na kwa kazi za serikali utaihitaji. CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DIT, UDOM, MUST Mbeya na IAA Arusha ni baadhi ya wanaofundisha fani za kompyuta. Chuo kitakupa msingi. Maabara ya nyumbani itakupa mikono. Usiache kimoja kwa ajili ya kingine.

Vyeti vya kimataifa ni ghali kwa mfuko wetu, kwa hiyo chagua kimoja. Kwa mtandao, CCNA ya Cisco. Kwa Linux, LPIC-1 ambayo ina mitihani miwili, au RHCSA ya Red Hat. Mimi naipenda zaidi RHCSA kwa sababu haina maswali ya kuchagua: unapewa mashine na kazi za kufanya, na ulichotengeneza lazima kiwe bado kinafanya kazi mashine ikizimwa na kuwashwa upya. Hata kama hutalipia mtihani, pakua orodha ya malengo yake, ambayo ni bure, na uifanye silabasi yako.

Ukisikia AfNOG, sogea. Ni wahandisi wa mitandao wa Afrika ambao tangu mwaka 2000 wamekuwa wakiendesha mafunzo ya kusimamia seva na mitandao katika nchi mbalimbali. Mwaka 2011 yalifanyika Dar es Salaam.

Hatua ya 11: Kutafuta kazi

Daftari lako sasa lifanye kazi. Chagua matatizo matatu uliyoyatatua maabara na uyaandike kila moja kwa ukurasa: kilichotokea, nilivyochunguza, chanzo, nilivyorejesha. Weka kiungo chake kwenye CV. Ninapopitia maombi, ukurasa mmoja wa namna hiyo hunivuta kuliko orodha ya programu 30 ambazo mtu anasema anazijua.

Kwa uzoefu wa kwanza, mafunzo kwa vitendo usiyapoteze kwa kubadilisha wino wa printa tu. Omba kwa heshima: «Shikamoo bosi, naomba niwe nakusaidia kukagua bekapu kila asubuhi.» Ni kazi ambayo wengi wanaichoka, watakuachia. Zahanati, shule na misikiti au makanisa yenye ofisi nayo huhitaji mtu wa kuwapangia mtandao na bekapu. Kubaliana nao kwa maandishi utafanya nini na hutafanya nini, hata kama ni kwa kujitolea.

Kazi za serikali Tanzania hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye mfumo wa Ajira Portal. Jaza wasifu wako mapema, andaa nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, na soma masharti mstari kwa mstari. Hati za matokeo za muda zimewaangusha wengi wenye uwezo.

Kwenye usaili swali la kawaida ni hili: «Watumiaji wanasema mfumo haufunguki. Utafanya nini?» Usirukie jibu. Uliza: ni wote au mmoja? Tangu lini? Kuna kilichobadilishwa jana? Kisha panda ngazi ile ya hatua ya 4, ukieleza kila unachokiangalia na kwa nini. Ukifika usipopajua, sema hupajui na utatafutaje. Mimi ninayehoji nataka kujua kama saa nane usiku utaniambia ukweli.

Hatua ya 12: Siku 90 za mwanzo

Usibadilishe kitu mwezi wa kwanza. Andika. Seva zipi zipo, zinafanya nini, nani anazitumia, nywila zinatunzwa wapi, mkataba wa intaneti unaisha lini, domeini ya ofisi (jina lake kwenye intaneti) imesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Hilo la mwisho limeziumiza ofisi nyingi: domeini ilisajiliwa na mtu aliyeondoka zamani, taarifa za kulipia zinakwenda kwenye barua pepe aliyokwisha kuiacha, na siku moja tovuti na barua pepe za ofisi nzima zinapotea.

Wajue watu. Dada wa mapokezi anajua mtandao unakatika saa ngapi kuliko kifaa chochote cha kupimia. Mzee wa stoo anakumbuka waya ulipopitishwa mwaka ule jengo lilipokarabatiwa. Wasalimie, wasikilize, usiwacheke wakikosea jina la kifaa.

Na wiki ya kwanza kabisa, kabla hata hujapewa kiti kizuri, muulize unayempokea kazi: mara ya mwisho kurejesha kutoka kwenye bekapu ilikuwa lini? Akinyamaza, omba diski tupu na mashine yoyote ya akiba, muombe akae nawe mchana mmoja, na mrejeshe pamoja.